Profaili inasema shwari, mfumo umelala: kutatua matatizo ya kupima hoja kwenye MySQL

Dada wa uhasibu alinipigia saa tatu asubuhi. "Kaka, nikibonyeza Hifadhi, kiduara kinazunguka tu." Nikafungua terminali, nikawasha profaili, yaani kipimo cha muda kilichomo ndani ya MySQL, nikaendesha ile ile UPDATE ya malipo kwenye nakala yetu ya majaribio. Sekunde 0.02. Nikampigia kumwambia kwamba seva ni nzima, labda mtandao wa ofisini. Kiduara kikaendelea kuzunguka.

Kipimo changu kilikuwa sahihi kabisa, ila nilikuwa nimepima kitu kingine. Tangu siku ile, mtu akiniambia profaili yake "haifanyi kazi", namuuliza kwanza: unapima hoja ipi, kwenye muunganisho upi, kwenye seva ipi? Hoja hapa ni amri yoyote ya SQL inayokwenda kwenye seva, iwe SELECT au UPDATE. Mifano ni ya MySQL 8.0, seva ya hifadhidata, na MariaDB, seva nyingine iliyotokana na MySQL, nitaitaja zinapoachana.

Kwanza jaribu mizani yenyewe

Muuza nyanya akinunua mizani mpya huweka jiwe la kilo moja aone sindano inasimama wapi. Nawe ipe profaili hoja ambayo jibu lake unalijua tayari:

```
SELECT VERSION();
SET profiling = 1;
SELECT SLEEP(2);
SELECT BENCHMARK(20000000, MD5('chumvi'));
SHOW PROFILES;
SHOW PROFILE CPU FOR QUERY 1;
```

Namba ya mwisho ibadilishe kufuata Query_ID utakayoiona kwenye SHOW PROFILES. SLEEP inapaswa kuonyesha kama sekunde 2, karibu zote kwenye mstari wa `User sleep`, na CPU karibu na sifuri, kwa sababu seva ilikuwa imelala tu. BENCHMARK ni kinyume chake: muda wa CPU unakaribiana na muda wote, maana seva ilikuwa inatoka jasho. Ukiyaona hayo mawili, mizani ni nzima na unaweza kuanza kupima mzigo.

Safu za CPU zikitoka NULL, huenda seva yako iko kwenye Windows. Namba hizo huombwa kwa mfumo wa uendeshaji kupitia `getrusage()`, na Windows haina kitu hicho. Na SLEEP ikionyesha CPU nyingi, usishtuke. Kipimo hicho ni cha mchakato mzima wa seva, hakitenganishi muunganisho mmoja na mwingine, kwa hiyo wenzako wakifanya kazi wakati wewe umelala, unaandikiwa deni lao. Ndiyo maana safu za CPU naziamini kwenye seva ya majaribio tu, tena nikiwa peke yangu.

MySQL 8.0 itakupa pia onyo namba 1287 kwamba SHOW PROFILES imewekwa kwenye orodha ya vitu vya kuondolewa, na kwamba uhamie Performance Schema, majedwali ya vipimo yaliyomo ndani ya seva yenyewe. Onyo hilo halizuii kipimo. Mimi bado naitumia kwa kuchungulia haraka, lakini mfumo wa ufuatiliaji siujengi juu yake.

Dalili: SHOW PROFILES inarudi tupu

`SET profiling = 1` inahusu kikao chako tu. Ukifunga muunganisho, kila kitu kinakwenda nao.

Kwenye phpMyAdmin, kurasa za wavuti za kusimamia MySQL, hapa ndipo watu wanapopotea. Kila ukurasa unaoufungua unaanzisha muunganisho mpya. Ukiandika SET kwenye ukurasa mmoja kisha hoja kwenye mwingine, hivyo ni vikao viwili visivyojuana. Ziandike zote kwenye kisanduku kimoja na uzitume pamoja, au tumia kitufe chake chenyewe cha profaili kinachotokea juu ya matokeo.

Kwenye programu ya wavuti shida ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Programu nyingi huweka miunganisho kadhaa wazi na kuipokezana, hivyo SET inaweza kupita kwenye muunganisho wa tatu na hoja yako ikapita kwenye wa saba. Chapisha `SELECT CONNECTION_ID()` kabla na baada. Namba zikitofautiana, umepata jibu.

Kama hoja ilikuwepo kisha ikatoweka, angalia `profiling_history_size`. Kawaida inahifadhi hoja 15 za mwisho, na ukomo wake ni 100. Maktaba ya programu inayotanguliza SET kadhaa kila inapounganisha inakula nafasi hizo mara moja.

Dalili: EXPLAIN ANALYZE inarudisha kosa 1064

Kosa 1064 maana yake seva haikuelewa ulichoandika. Uliandika sawasawa, seva ndiyo siyo uliyodhani. EXPLAIN ANALYZE, amri inayoendesha hoja na kuonyesha muda wa kila hatua, iliingia MySQL kwenye toleo la 8.0.18, mwaka 2019, kwa hiyo 5.7 haiijui. Lakini mara nyingi jibu liko kwenye ile SELECT VERSION() ya mwanzo: neno MariaDB limekaa pale baada ya namba. Tangu Debian 9, ukiomba seva ya MySQL ya kawaida unapewa MariaDB, na XAMPP, kifurushi cha kuweka seva kwenye kompyuta yako, nayo ilihamia huko. Amri ya kuingilia bado ni `mysql`, basi mtu anafanya kazi mwaka mzima bila kujua.

Kwenye MariaDB unaandika `ANALYZE SELECT ...`, au `ANALYZE FORMAT=JSON SELECT ...` ukitaka kila kitu. Soma `r_rows` ukiilinganisha na `rows`: ya kwanza ni idadi halisi, ya pili ni makisio. Angalizo moja zito: amri hizi zinaendesha hoja kweli kweli. Ukiandika ANALYZE mbele ya DELETE kwenye MariaDB, rekodi zinafutika. PostgreSQL ni hivyo hivyo kwa EXPLAIN ANALYZE. Anza na BEGIN, malizia na ROLLBACK ili mabadiliko yatenguliwe.

Dalili: kwangu sekunde 0.01, kwa mtumiaji sekunde kadhaa

Chunguza kwanza kama chombo chako kimeongeza kitu. phpMyAdmin hubandika LIMIT yake mwenyewe, kwa kawaida rekodi 25, kwenye SELECT isiyokuwa nayo. Wewe unapewa rekodi 25, programu inaomba rekodi laki nne, halafu unashangaa kwa nini muda haufanani.

Sababu ya pili imenila siku nzima, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Jedwali `malipo` lina safu `simu` ya aina ya VARCHAR (maandishi) yenye indeksi, yaani orodha iliyopangwa ya kutafutia haraka. Kwenye terminali niliandika:

```
EXPLAIN ANALYZE
SELECT * FROM malipo WHERE simu = '255700000000';

-> Index lookup on malipo using idx_simu (simu='255700000000')
   (cost=1.05 rows=3) (actual time=0.03..0.04 rows=3 loops=1)
```

Safi kabisa. Lakini namba ya simu ilikuwa inaingia kwenye programu kutoka kwenye JSON ya malipo ya simu, na huko ilikuwa imeandikwa kama tarakimu tupu, bila alama za nukuu. Programu ikaipokea kama namba na kuituma kwenye seva kama namba. Nilipoondoa zile nukuu mbili kwenye terminali, mstari wa chini ukageuka hivi:

```
-> Table scan on malipo
   (cost=48211 rows=467900) (actual time=0.07..430 rows=471203 loops=1)
```

Rekodi laki nne na sabini zinasomwa ili zipatikane tatu. Ukimwambia MySQL alinganishe maandishi na namba, analazimika kugeuza kila maandishi kuwa namba kwanza, kwa sababu '255700000000', '0255700000000' na yenye nafasi mbele yote yanazaa namba moja. Indeksi imepangwa kwa mpangilio wa herufi, haiwezi kumsaidia. Milisekunde 430 kwa mtu mmoja ni kitu cha kuvumilia. Watu thelathini wakibonyeza kwa pamoja mwisho wa mwezi, simu zinaanza kuita.

Seva yenyewe ilikuwa tayari kunieleza, sikuiuliza tu. Andika EXPLAIN ya kawaida kisha mara moja `SHOW WARNINGS`. Onyo namba 1739 linakutajia indeksi iliyoshindikana kutumika kwa sababu ya kubadilisha aina ya data. Tiba ni kugeuza namba iwe maandishi ndani ya programu kabla haijatumwa. Safu usiigeuze kuwa BIGINT kwa haraka, maana kuna mteja wa mwaka juzi aliyeandikwa na alama ya kujumlisha mbele.

Ndugu yake wa karibu ni `WHERE DATE(tarehe) = '2024-03-01'`. Ukiifunga safu ndani ya fanksheni, indeksi ya kawaida ya `tarehe` haisaidii. Andika `tarehe >= '2024-03-01' AND tarehe < '2024-03-02'`.

Funzo la upimaji ni kwamba hoja ichukuliwe kama ilivyofika kwenye seva. Ukiiandika upya kutoka kichwani, mkono wako utaweka nukuu ambazo programu haikuziweka. Hoja halisi utaipata kwenye logi ya hoja za polepole au kwenye Performance Schema.

Dalili: logi ya hoja za polepole iko tupu, au saa zake haziendani

Logi hii huja imezimwa, na ukiiwasha, kiwango chake cha "polepole" ni sekunde 10. Hoja ya sekunde 9 inapita kama haikuwepo.

```
SET GLOBAL slow_query_log = ON;
SET GLOBAL long_query_time = 1;
```

Halafu SELECT SLEEP(2) kutoka terminali ile ile, na logi bado kimya. `long_query_time` ya GLOBAL inawahusu watakaounganisha kuanzia sasa. Waliomo ndani tayari, pamoja na wewe na miunganisho yote ya programu, wanabaki na sekunde zao 10. Toka, ingia tena, jaribu. Kwa programu ni lazima uiwashe upya au usubiri miunganisho yake ijifunge. Kama bado ni tupu, tazama `min_examined_row_limit`: ikiwa juu, hoja zilizosoma rekodi chache kama SLEEP yako haziandikwi. Na `log_output` ikiwa TABLE, unatafuta kwenye faili wakati maandishi yako kwenye jedwali la `mysql.slow_log`.

Hoja ambayo bado inaendelea hutaiona humo, kwa sababu inaandikwa ikishamaliza. Hiyo itafute kwa `SHOW FULL PROCESSLIST`.

Sasa saa. Mtumiaji anasema mfumo uligoma saa tatu na dakika kumi asubuhi. Unafungua logi, saa 09:10 hakuna kitu, lakini saa 06:10 kuna fujo tupu. MySQL huandika logi zake kwa UTC, na herufi Z mwishoni mwa muda ndiyo alama. Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Ukijumlisha na desturi yetu ya kuhesabu saa kuanzia mapambazuko, kikao cha kuchunguza tatizo kinaweza kuwa na saa za aina tatu mezani. Nimeshuhudia watu wawili wakibishana nusu saa juu ya tukio moja. `SET GLOBAL log_timestamps = SYSTEM` inamaliza ubishi kwenye MySQL, ili mradi saa ya mashine yenyewe imewekwa ya hapa. Usiitafute kwenye MariaDB, haipo.

Dalili: "Sending data" imekula muda wote

Watu wengi wanaisoma kama "mtandao ni mbovu" na kwenda kugombana na mtu wa mtandao. Jina hilo lilikuwa baya tangu mwanzo. Ndani yake mlikuwa na kazi ya kusoma rekodi kwenye jedwali, kuzichuja, na ndipo kuzituma. MySQL waliliondoa kwenye 8.0.17 wakaliunganisha na `executing`. MariaDB bado wanalo. Ukiliona kubwa, tafuta indeksi kabla hujatafuta waya.

Kumbuka pia upande wa pili: EXPLAIN ANALYZE haitumi matokeo kwa mteja kabisa. Hoja inayorudisha maandishi ya megabaiti nyingi itaonekana nyepesi humo, na mzigo wake utauona kwenye programu.

Dalili: EXPLAIN ANALYZE inaonyesha 0.9, hoja inachukua nusu dakika

Tazama `loops`. Muda unaoandikwa ni milisekunde, na ni wastani wa mzunguko mmoja. Mstari wenye `actual time=0.8..0.9 rows=1 loops=40000` unamaanisha 0.9 mara elfu arobaini, yaani sekunde 36. Namba ya kwanza ni muda wa kupata rekodi ya kwanza, ya pili ni ya kumaliza zote.

Na `rows` ya makisio ikiachana mno na `rows` halisi, seva ilipanga safari kwa ramani ya zamani. `ANALYZE TABLE malipo;` inachora takwimu upya. InnoDB, injini ya MySQL inayohifadhi majedwali, hujifanyia hivyo yenyewe baada ya takriban asilimia 10 ya jedwali kubadilika, ila huchungulia kurasa 20 tu za indeksi kama hujabadilisha mpangilio, na kwenye jedwali kubwa lililopinda upande mmoja kurasa 20 ni chache.

Dalili: kila nikipima napata namba tofauti

Mara ya kwanza data imetoka diski, mara ya pili iko kwenye RAM. Sehemu hiyo ya RAM, `innodb_buffer_pool_size`, ni megabaiti 128 tu kama hakuna aliyeigusa, na kwenye seva ndogo za kukodi mara nyingi hakuna aliyeigusa. Pima mara tano, ya kwanza iweke pembeni usiitupe, kwa sababu ndiyo inayofanana na asubuhi ya mtumiaji wa kwanza.

Kuwasha upya seva ili "kuipoza" hakutoshi. MySQL ikizimwa huandika orodha ya kurasa zilizokuwa kwenye RAM, kwa kawaida robo yake, na ikiwaka huzirudisha. Zima `innodb_buffer_pool_load_at_startup` kwenye faili la mipangilio kama unataka baridi ya kweli. Na hata hapo mfumo wa uendeshaji unaweza kuwa na akiba yake.

Ukiandika jaribio la kujiendesha kwa ajili ya profaili, usilinganishe sekunde. Angalia kama mistari inayotarajiwa ipo na kama muda unazidi sifuri. Programu ya majaribio ya MySQL wenyewe, `mysqltest`, ina amri ya `--replace_column` ya kufunika safu zinazobadilika kila mara kabla ya kulinganisha matokeo.

Dalili: Performance Schema tupu, au namba ndefu kama umbali wa mwezini

Tupu kabisa: kwenye MariaDB huja imezimwa. Weka `performance_schema=ON` kwenye faili la mipangilio na uwashe seva upya, haiwashwi ikiwa inatembea. Kwenye MySQL huja imewashwa, lakini hatua za ndani za hoja hazirekodiwi mpaka uombe:

```
UPDATE performance_schema.setup_instruments
   SET ENABLED='YES', TIMED='YES' WHERE NAME LIKE 'stage/%';
UPDATE performance_schema.setup_consumers
   SET ENABLED='YES' WHERE NAME LIKE 'events_stages_%';
```

Ukimaliza, zirudishe zilivyokuwa.

Namba ndefu ni pikosekunde. SLEEP(2) inaandikwa karibu 2,000,000,000,000. Gawa kwa trilioni, au tumia `FORMAT_PICO_TIME()` kuanzia 8.0.16. Historia ya kila muunganisho, `events_statements_history`, ina nafasi 10 na inafutika muunganisho ukifungwa, kwa hiyo mwahi shahidi kabla hajaondoka.

Dalili: hoja ni nyepesi popote uipimapo, na bado watu wanasubiri

Hii ndiyo ya yule dada. Hoja inayosubiri kufuli, yaani rekodi iliyoshikwa na muunganisho mwingine unaoibadilisha, inapimwa vizuri kila mahali isipokuwa pale kufuli lilipo. Ukiwa na nakala ya majaribio, hutaliona milele.

Jaribu mwenyewe kwa terminali mbili. Ya kwanza: `BEGIN;` kisha UPDATE ya rekodi moja, usimalize. Ya pili: UPDATE ya rekodi ile ile. Ya pili itaganda, na baada ya sekunde 50 itarudisha kosa 1205, la kusubiri kufuli kupita muda. Wakati imeganda, fungua ya tatu:

```
SELECT waiting_pid, waiting_query, blocking_pid, blocking_query
  FROM sys.innodb_lock_waits\G
```

`blocking_query` mara nyingi ni NULL, na hapo wengi hukata tamaa. NULL maana yake mwenye kufuli hafanyi lolote sasa hivi. Alishatuma hoja yake, akakaa kimya bila COMMIT ya kukamilisha mabadiliko. Chukua namba ya `blocking_pid`, itafute kwenye `performance_schema.threads` chini ya `PROCESSLIST_ID` upate `THREAD_ID`, kisha soma `SQL_TEXT` za `THREAD_ID` hiyo kwenye `events_statements_history`. Safu ya `PROCESSLIST_HOST` itakuonyesha pia anatokea mashine gani.

Asubuhi ile aliyezuia alikuwa muunganisho namba 214, uliofunguliwa jana yake jioni. Hoja yake ya mwisho: UPDATE ya kusahihisha malipo ya mteja mmoja, ndani ya BEGIN isiyofungwa. Mashine ilikuwa laptopu yangu. Nikaandika ROLLBACK kwenye dirisha nililokuwa nimelisahau nyuma ya kivinjari, nikampigia dada wa uhasibu.

"Imekubali," akasema. "Tatizo lilikuwa nini?"

Nikamwambia ni mambo ya seva.